Mbwa wetu Watajiju aliacha kivuli cha mwembe akaenda kufia mwaloni. Alikuwa anafuata nini?

#1 Kijana wa Igombe

Wakuu, mwangaluka.

Wiki iliyopita tumemzika mbwa wetu. Najua wapo watakaocheka. Chekeni kwanza, mkimaliza mnijibu.

Aliitwa Watajiju. Alikuja nyumbani akiwa kwenye kiroba cha mkaa, hajafungua macho vizuri, na ameishi kwetu miaka 13. Rangi ya udongo, kifua cheupe, sikio la kushoto limechanika, alipigania mayai ya kuku na kenge akashinda nusu. Mzee wangu alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria. Kila alfajiri, kabla hata mtumbwi haujaonekana, mbwa anashuka peke yake mpaka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegesha, anakaa pembeni ya jiwe moja hivi. Mitumbwi inaweza kupita ishirini hageuzi shingo. Ikinguruma injini ya mzee, anasimama.

Mzee aliacha ziwa kwa ajili ya goti, mtumbwi akauza. Mbwa akaendelea kwenda kama wiki tatu, halafu akaacha. Miaka minne hakukanyaga tena mwaloni.

Sasa siku zake za mwisho alikuwa hali, hainuki. Hata kukojoa alikuwa anakojoa pale pale chini ya mwembe. Jumanne asubuhi tunaamka, hayupo. Tumetafuta mpaka saa nne. Tukamkuta pembeni ya lile jiwe, amelala kaelekea maji, ameshakufa. Kutoka kwetu ni kilomita moja na ushee, na njia yote ni mawe ya kushuka.

Mbwa asiyeweza kusimama alifikaje pale, na alikuwa anafuata nini?

#2 Dagaa Mkavu

Pole mkuu. Ila tuanze na jina. Nani alimpa Watajiju, na walioambiwa wajijue ni akina nani?

#3 Binti Sengerema

Pole kaka. Nakaa hapa nisome.

#4 Mpiga Kasia

Bila picha huu uzi ni chai ya rangi.

#5 Mama Mkubwa Pasiansi

Pole sana mwanangu, na pole ya msiba wa baba. Hapo hakuna fumbo lolote. Mbwa kaitwa na mwenyewe. Wa kwetu Magu alifanya hivyo hivyo kwa marehemu babu, siku arobaini hazikuisha.

#6 Kijana wa Igombe

Mama mkubwa, asante, lakini mzee yupo hai! Nimesema aliacha ziwa, sikusema aliiacha dunia. Yuko barazani hapa anakunywa uji. Nimemsomea, kasema nikwambie ngoja amalize kikombe.

#7 Dagaa Mkavu

😂😂😂 Mama mkubwa kamzika mzee wa watu kwenye ukurasa wa kwanza.

#8 Mama Mkubwa Pasiansi

Jamani nisameheni, miwani nimeiacha dukani. Mzee aishi miaka mia.

#9 Mwalimu Nyegezi

Hii inanikumbusha yule mbwa wa Japani, Hachiko. Alimsubiri profesa wake kituo cha treni miaka 15, na mwisho alikufa kwa sababu watu walikuwa wanamtupia mishikaki na vijiti vyake, vikamtoboa tumbo.

#10 Jicho la Pili

Mwalimu, nikusahihishe mara mbili. Profesa alifariki Mei 1925, Hachiko akafa Machi 1935. Hiyo ni miaka karibu 10. Na vijiti kweli walivikuta tumboni, lakini viungo vyake vilihifadhiwa, na mwaka 2011 watafiti wa Tokyo walitangaza kwamba alikuwa na saratani ya mapafu na moyo, pamoja na minyoo ya moyo. Vijiti havikumuua.

Na nakumbusha, kuna waliosema siku zote kwamba pale kituoni alikuwa anafuata hiyo hiyo mishikaki.

#11 Mwalimu Nyegezi

Nimepokea. Ila mishikaki miaka 10, mvua na baridi ya theluji? Mimi nabaki na profesa.

#12 Mvuvi Kayenze

Mleta uzi, mimi ni mvuvi, niulize jambo. Unasema Jumanne ya wiki iliyopita. Mwezi ulikuwa mpevu. Sisi wa dagaa kwenye mbalamwezi hatuingii ziwani, taa haivuti kitu, dagaa wanasambaa. Tunashona nyavu, wengine wanaenda kusalimia wake zao. Mwalo wote unakuwa kimya.

Kwa hiyo kama alifuata mitumbwi, mitumbwi haikuwepo. Na mbwa wa mwaloni wanalijua hilo kuliko sisi. Zama za giza wanajaa pale, mwezi ukikua wanarudi majumbani. Huyo wako kafanya hiyo kazi miaka mingapi? Angeenda siku isiyo na injini hata moja?

#13 Kijana wa Igombe

Mkuu umenigusa penyewe. Ni kweli, mwalo ulikuwa mtupu, ndiyo maana hakuna aliyemwona akifika. Umezidi kunichanganya.

#14 Daktari wa Mifugo

Pole ndugu. Mimi natibu wanyama, ingawa mbwa wananilipa vibaya kuliko ng'ombe. Naomba majibu haya:

Wiki za mwisho alikuwa anakunywa maji mengi? Mkojo ulikuwa na rangi gani, mweupe au kama chai ya rangi? Fizi ziliangaliwa? Kupe alikuwa nao? Na pale mlipomkuta, maji ya ziwa yalikuwaje?

La mwisho na la muhimu zaidi: kuna aliyeng'atwa au kuguswa na mate yake kwenye kidonda?

#15 Kijana wa Igombe

Maji ndiyo, alikuwa anamaliza karai zima, mama akadhani ni joto. Mkojo mwingi, mweupe kabisa. Fizi hatukuangalia. Kupe wawili watatu, nani Igombe hana. Ufukweni kulikuwa na ule utando wa kijani, kama mchicha uliosagwa, upepo ulikuwa umeusukuma kwetu.

Hakuna aliyeng'atwa. Chanjo ya kichaa alichomwa kila mwaka, tunampeleka ikitangazwa.

#16 Daktari wa Mifugo

Vizuri kwa hiyo chanjo. Nawaambia na wengine, maana uzi huu utasomwa: ukiumwa na mbwa usiyemwamini, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishatokea kwa mtu, hakuna tiba.

Sasa huyu mbwa wetu. Kwa umri wa miaka 13, kunywa sana na kukojoa sana mkojo mweupe, nafikiria figo kwanza. Figo zikichoka mbwa anakuwa na kiu isiyoisha, anakonda, anakataa chakula. Usiku karai limekauka, ziwa lipo. Alifuata maji. Ingekuwa homa ya kupe ningetegemea mkojo mweusi au fizi nyeupe.

Utando wa kijani nao siutupi. Ule si majani, ni vijidudu jamii ya bakteria vinavyoshamiri maji yakipata mbolea na taka kutoka mashambani na mjini. Baadhi vina sumu inayopiga ini. Mbwa akinywa pale au akajilamba manyoya yaliyoloa, anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo labda kiu ilimpeleka, na kilichomkuta pale ndicho kilichommalizia. Bila kumpasua siwezi kuapa.

#17 Mkerewe Halisi

Daktari, hayo maji ya kijani tumeyaoga na kuyanywa Nansio tangu tumezaliwa. Mbona tupo?

#18 Daktari wa Mifugo

Mupo, na kichocho je?

#19 Mkerewe Halisi

Hiyo ni mada nyingine, usinitoe nje ya uzi.

#20 Binti Sengerema

😂 Mkerewe kanyamaza. Jamani mimi nasema mbwa akijua anakufa anajificha. Hataki watoto wamwone. Wa kwetu alienda kufia kwenye shamba la mihogo.

#21 Mbishi wa Mabatini

Wa kwetu alifia mlangoni, tukawa tunamruka kwenda chooni. Hakuna cha kujificha. Mnyama mgonjwa anatafuta penye ubaridi palipotulia, basi. Mkiwakuta vichakani mnasema wamejificha, mkiwakuta mlangoni mnasema wameaga. Mbwa hana njia ya kufa ambayo nyie hamtaitungia hadithi.

Halafu kuzika mbwa ni uzungu. Zamani mbwa akifa anavutwa mguu mpaka korongoni, jioni watu wanakula ugali.

#22 Jicho la Pili

Uzungu? Mwaka 1914 huko Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walikuta kaburi la mwanamume na mwanamke, na mbwa amezikwa nao. Lina miaka kama 14,000. Walipochunguza meno wakaona alikuwa mtoto wa miezi saba hivi aliyeugua sana, na watafiti wanaona asingefika hata hiyo miezi bila mtu wa kumuuguza. Hao hawakuwa na ng'ombe wala shamba.

#23 Mbishi wa Mabatini

Umesema Ujerumani. Ni wazungu. Nimeshinda.

#24 Abuu Kirumba

Asalaam aleykum. Kuhusu kuzika, mimi ni Mwislamu na nimefuga mbwa wa kulinda mbuzi. Sisi mate yake yana utaratibu wake wa kuosha, mara saba, moja kwa udongo, na hatulali naye ndani. Lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo, wa mawindo, ruhusa ipo. Na msisahau mbwa wa wale vijana wa pangoni, katajwa kwenye Qur'ani kanyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Kumfukia mnyama asinuke na asisumbue watu ni jambo jema. Mleta uzi usione haya.

#25 Kijana wa Igombe

Shukrani sheikh. Na mnajua kuchimba kwetu. Huku ukishuka futi mbili umekutana na jiwe. Tumehama mara tatu ndipo tukapata udongo, karibu na minyaa ya mpakani.

Ndiyo nimjibu Dagaa Mkavu sasa. Jina alilitoa mama. Mwaka ule alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani, mama mmoja wa ng'ambo ya hiyo minyaa. Kila mmoja anasema mwenzake kausogeza uzio usiku. Mama akaapa hatamjibu tena. Badala yake kila jioni anasimama uani na sahani ya mapanki, ile mifupa ya sangara, anaita: "Watajijuuu! Watajiju njoo ule ushibe, walale na njaa wenyewe!" Mwaka mzima.

#26 Dagaa Mkavu

Gete huyo ni mama! Kwetu Misungwi alikuwepo mbwa anaitwa Mtachoka. Mwenye mbwa alihama, mbwa akabaki, majirani wakawa wanalazimika kumwita kwa jina hilo hilo.

#27 Mpiga Kasia

Sisi tuna Sijasema. Ukimfukuza kuku wa jirani unasikia "Sijasema, kamata!"

Picha bado.

#28 Mtoto wa Igoma

Sasa mbona wote mmelipita hili? Kuna jirani mwenye kinyongo, kuna mbwa kafa ghafla. Sumu hiyo. Dawa ya panya kwenye kichwa cha sangara, kazi imekwisha. Jirani aulizwe.

#29 Kijana wa Igombe

Hapana mkuu, hapo simama. Kwanza hakufa ghafla, aliugua siku kadhaa. Pili, tulipogonga mwamba mara ya pili, aliyetoka na mtaimbo kutusaidia ni huyo huyo mama jirani. Hatukumwita. Kachimba upande wake wa minyaa, kwamba mbwa alikuwa analala pande zote mbili, azikwe penye udongo. Alipomaliza kafuta jasho akamwambia mama: "Sasa utanisemea kwa nani?" Mama akaingia ndani. Sijamwona mama akilia tangu bibi alipofariki.

#30 Binti Sengerema

Jamani 😭

#31 Mtoto wa Igoma

Nafuta kauli.

#32 Bibi Mtandao

Vijana mnazunguka tu. Daktari anasema figo, mwingine anasema maji ya kijani. Niulize: wiki hiyo hapo nyumbani nani aliumwa?

#33 Kijana wa Igombe

Bibi... mzee alipandisha presha Jumapili. Tulimkimbiza hospitali, Jumatatu jioni akarudi. Kwa nini?

#34 Bibi Mtandao

Basi umejijibu. Lililokuja lilikuwa la mzee, mbwa kalibeba akalipeleka majini lisirudi. Mbwa wa nyumba hafi bure. Ndiyo maana hakutaka kufia uani.

#35 Mbishi wa Mabatini

Bibi shikamoo. Kwa hiyo vidonge alivyopewa mzee havikufanya kazi, aliyefanya kazi ni mbwa?

#36 Bibi Mtandao

Marahaba. Vidonge vilimtuliza mzee. Mbwa alilibeba lililotulizwa. Wewe ulikuwepo?

#37 Kijana wa Igombe

Mama yangu anasema kama bibi, neno kwa neno. Mimi nipo katikati. Nikilala naamini daktari, nikiamka usiku namwamini bibi.

#38 Shemeji Buzuruga

Niongeze la kwangu. 2017 tuliuza mbwa Sengerema, tukamwacha huko. Baada ya siku tano tukamkuta Mwanza mlangoni. Kavuka daraja la Kigongo peke yake mpaka Buzuruga!

#39 Jicho la Pili

Shemeji, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025. Mwaka 2017 alivuka daraja gani?

#40 Shemeji Buzuruga

Alipanda kivuko basi, mimi sikumkatia tiketi.

#41 Dagaa Mkavu

😂😂 Mbwa kakaa kiti cha dirishani.

#42 Mvuvi Kayenze

Msicheke sana. Kivuko cha Kamanga mbwa wanapanda, wanaingia na watu wanatoka na watu. Hiyo siikatai. Nakataa daraja tu.

#43 Mwalimu Nyegezi

Turudi. Miaka 13 mara 7 ni 91. Mzee wa miaka 91 kushuka mawe ya Igombe usiku, hiyo si kiu ndogo.

#44 Daktari wa Mifugo

Mwalimu, hesabu ya mara saba haina msingi. Mbwa wa mwaka mmoja anazaa, mtoto wa miaka saba anazaa? Mwaka wa kwanza wanakimbia sana, baadaye wanapunguza mwendo, na wakubwa wa umbo wanazeeka haraka kuliko wadogo. Ila kwa hawa mbwa wetu wa kienyeji, wanaokula mapanki na kulala nje, 13 ni uzee uliokamilika. Mleta uzi, mlimtunza.

#45 Kijana wa Igombe

Wakuu, samahani nilipotea. Nimerudi na jambo jipya, na sijui niliweke wapi kati ya maelezo yenu.

Giza limerudi, mitumbwi imeanza kuingia. Juzi alfajiri nasikia mlango. Mzee kachukua fimbo anatoka. Namuuliza unakwenda wapi na hilo goti, hajibu. Nikamfuata kwa mbali. Kashuka taratibu mpaka mwaloni, kakaa kwenye lile jiwe. Wale vijana wakamsalimia, wakampa dagaa kwenye mfuko. Tulipokuwa tunapanda kurudi, akaniambia bila mimi kumuuliza.

Usiku ule wa Jumanne mbwa alikuja mlangoni kwake. Alikwaruza. Zamani ndivyo alivyokuwa anamwamsha kwenda ziwani, mzee akichelewa mbwa anakwaruza mlango, mama anatukana wote wawili. Miaka minne hakukwaruza. Usiku ule kakwaruza kama mara tatu. Mzee alikuwa ametoka hospitali jioni yake, kichwa kizito, akasema "tulia wewe." Kakaa kidogo, akakwaruza tena. Mzee akasema "tangulia, nakuja." Ndivyo alivyokuwa anamjibu enzi hizo. Kisha akalala.

Muda wote huo hakumwambia mtu.

#46 Binti Sengerema

Kaka naomba nisisome tena huu uzi nikiwa kazini.

#47 Mbishi wa Mabatini

Pole mkuu. Sina neno.

#48 Daktari wa Mifugo

Mgonjwa wa figo anahangaika usiku, hatulii, anaomba maji. Kukwaruza kunaingia humo. Lakini mwambie mzee kwamba hata angeamka asingebadilisha kitu, labda siku mbili tatu. Hilo nina hakika nalo kuliko mengine yote niliyoandika.

#49 Bibi Mtandao

Na mimi mwambie hivi: aliambiwa atangulie, akatangulia. Mzee asikae na donge.

#50 Mvuvi Kayenze

Ule mtumbwi wa mzee, tajiri wake mpya aliyeununua namfahamu. Injini bado ni ile ile. Mzee akitaka kuisikia aniambie, tutapita karibu na jiwe.

#51 Mpiga Kasia

Mkuu, ile picha usijisumbue.

#52 Abuu Kirumba

Nina watoto wawili wa mbwa, mmoja ana kifua cheupe. Wameachishwa kunyonya. Ukitaka njoo Kirumba, huna haja ya kulipa, ila wahi chanjo za mwanzo, kuna kuhara damu kunapita huku.

#53 Kijana wa Igombe

Sheikh asante, Jumamosi nakuja. Mzee kasema hataki mbwa mwingine, halafu kauliza kama huyo mwenye kifua cheupe ni dume. Mama ameshaanza kutafuta jina. Jirani wa ng'ambo ya minyaa katuma ujumbe kwamba safari hii lipelekwe kwake kwanza alisikie.